Kuzima jeni katika seli mahususi za ubongo wa panya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mwaka kutoka kwa wanafunzi wanaoingia maabara kwa mara ya kwanza, na mengine kutoka kwa watu waliokwisha kuchapisha makala mbili tatu. Yameanzia kwenye misingi yakaishia kwenye mikasa isiyo ya kawaida. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Misingi

1. Kuzima jeni katika seli mahususi ni kufanya nini hasa?

Seli ya panya ina nakala mbili za karibu kila jeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kuzima jeni ni kuziharibu nakala zote mbili hadi seli ishindwe kutengeneza protini inayofanya kazi. Kwa njia ya zamani uharibifu huo huwepo tangu kiinitete, hivyo panya huzaliwa akiwa hana jeni hiyo mwili mzima. Panya wa kwanza wa aina hiyo walipatikana mwaka 1989, na kazi iliyowafanya wawezekane iliwapa Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies tuzo ya Nobel mwaka 2007.

Kwa njia mahususi, jeni huachwa nzima kila mahali isipokuwa katika kundi la seli ulilolichagua: tuseme niuroni zinazotoa dopamini, au astrosaiti (seli zinazozihudumia niuroni), au mikroglia (seli za kinga za ubongo). Ini linabaki nayo, moyo unabaki nayo, na hata niuroni jirani zinabaki nayo. Angalau hayo ndiyo matarajio. Sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu jinsi ya kujua kama yametimia.

2. Kwa nini nisiizime mwili mzima, maadamu ni rahisi zaidi?

Kwa sababu huenda usipate panya wa kumchunguza. Mfano unaotajwa zaidi ni Grin1, jeni ya sehemu ya lazima ya kipokezi cha NMDA, protini inayopokea ishara kati ya niuroni. Panya waliozaliwa bila jeni hiyo walikufa ndani ya saa chache baada ya kuzaliwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuuliza kama wangejifunza chochote. Mwaka 1996 maabara ya Susumu Tonegawa ilitoa panya waliokosa Grin1 katika niuroni za eneo la CA1 tu, ndani ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Hao waliishi, wakakua, na ikaonekana kwamba katika CA1 miunganiko ya niuroni haikuimarika kama kawaida na kwamba panya walishindwa kukumbuka mahali palipofichwa jukwaa ndani ya maji.

Hata panya akiishi, jeni iliyokosekana tangu tumboni inaweza kuwa imeuharibu ubongo wakati wa ujenzi wake. Ukimpima akiwa mtu mzima, huwezi kujua kama unaona kazi ya jeni leo au kovu la jana. Kisha kuna viungo vingine: panya mwenye misuli dhaifu atashindwa majaribio ya kujifunza bila ubongo wake kuwa na kosa.

3. Cre na loxP hufanyaje kazi?

Cre ni kimeng'enya kinachokata na kuunga DNA. LoxP ni kipande kifupi cha DNA chenye herufi 34: mikono miwili ya herufi 13 inayotazamana, na katikati herufi 8 zinazoipa loxP mwelekeo. Unaweka loxP moja kabla ya sehemu muhimu ya jeni na nyingine baada yake, kama fundi cherehani anavyochora mistari miwili ya chaki kwenye kitambaa. Kabla mkasi haujafika, nguo ni nzima. Cre ikiingia kwenye kiini cha seli, hukata kwenye mistari yote miwili, huunganisha ncha zilizobaki, na kipande cha kati hupotea.

Mwelekeo ni jambo la kuangaliwa. LoxP mbili zikielekea upande mmoja, kipande cha kati hufutwa. Zikielekeana, kipande hugeuzwa kinyumenyume badala ya kufutwa. Zikiwa kwenye kromosomu mbili tofauti, vipande vya kromosomu vinaweza kubadilishana mahali.

Umahususi unatokana na promota, yaani kipande cha DNA kinachoamua jeni isomwe katika seli zipi. Cre ikiwekwa chini ya promota ya parvalbumini (protini ya baadhi ya niuroni za kuzuia, yaani zinazotuliza nyingine), itatengenezwa katika seli zinazotengeneza parvalbumini. Panya mmoja anabeba loxP, mwingine anabeba Cre, na watoto wao wakirithi vyote viwili ndipo jeni inafutwa.

4. Mfumo huu ulitoka wapi?

Kwa kirusi P1, kinachoshambulia bakteria. Brian Sauer alionyesha mwaka 1988 kwamba Cre hufanya kazi pia ndani ya seli za mamalia, na mwaka 1994 kundi la Klaus Rajewsky lilifuta jeni katika seli T za panya kwa njia hii. Ubongo ulifuata miaka miwili baadaye (swali la 2).

## Kuwapata panya

5. Panya mwenye loxP hupatikana vipi?

Anza kwa kutafuta kama tayari yupo. Muungano wa kimataifa wa IMPC na miradi iliyoutangulia, EUCOMM na KOMP, ilitengeneza seli shina na panya kwa maelfu ya jeni. Soma jina la aleli, yaani toleo la jeni, kwa makini kabla ya kuagiza. Aleli yenye mwisho wa tm1a bado ina kipande cha ziada ambacho kwa kawaida huizima jeni mwili mzima. Ukiipitisha kwanza kwenye kimeng'enya Flp (swali la 22) inakuwa tm1c, na hiyo ndiyo yenye loxP na jeni inayofanya kazi. Baada ya Cre inaitwa tm1d. Watu wamewahi kuzalisha tm1a na Cre moja kwa moja, kisha wakashangaa panya wa kulinganishia wakiugua pia.

Kama hayupo, siku hizi hutengenezwa kwa CRISPR, zana ya kukata DNA mahali ulipopachagua. Kuingiza loxP mbili kwa vipande viwili tofauti vya DNA kunaonekana rahisi kwenye karatasi, lakini mara nyingi moja huingia na nyingine hukosa, au huingia kwenye kromosomu mbili tofauti. Tathmini ya maabara nyingi iliyochapishwa mwaka 2019 ilikuta njia hiyo ikifaulu chini ya asilimia 1. Kutumia kipande kimoja kirefu cha DNA chenye loxP zote mbili ni chaguo bora.

6. Nizungushie loxP sehemu gani ya jeni?

Eksoni (sehemu ya jeni inayobaki kwenye mRNA, yaani nakala ambayo seli huisoma kutengeneza protini) inayopatikana katika matoleo yote ya mRNA ya jeni hiyo, iliyo karibu na mwanzo, na yenye idadi ya herufi isiyogawanyika kwa tatu. Ikifutwa, usomaji wa herufi tatu tatu unavurugika, hutokea alama ya kusimama mapema, na seli huivunja mRNA hiyo. Eksoni inayogawanyika kwa tatu ikiondolewa, unaweza kubaki na protini fupi kidogo inayofanya kazi nusunusu, na huo ni mkanganyiko usioisha. LoxP zenyewe ziwekwe ndani ya introni, yaani vipande vinavyoondolewa kwenye mRNA, mbali na mahali pa kukatia mRNA, na kabla ya kuendelea hakikisha panya mwenye loxP pekee ana kiasi cha kawaida cha protini.

7. Nizalishe vipi, na itachukua muda gani?

Kwanza oanisha panya mwenye loxP kwenye nakala zote mbili na panya mwenye nakala moja ya Cre. Nusu ya watoto watakuwa na loxP kwenye nakala moja pamoja na Cre. Hao waoanishe tena na panya mwenye loxP kwenye nakala zote mbili. Robo ya watoto watakuwa wa jaribio, na robo nyingine watakuwa na loxP kwenye nakala zote mbili (kwa ufupi, «loxP mbili») bila Cre. Katika uzao wa watoto 8, tarajia wawili wa jaribio, na usishangae kupata mmoja au kukosa kabisa.

Mimba ya panya ni takribani siku 20, na panya hukomaa kuzaa akiwa na wiki 6 hadi 8. Ukihesabu vizazi viwili na kungoja panya wa jaribio wawe watu wazima, ni miezi mitano hivi kila kitu kikienda sawa. Hesabu hii haifanyi kazi kama jeni na Cre zimekaa kwenye kromosomu moja (swali la 21).

8. Panya wa kulinganishia wawe akina nani?

Ndugu wa uzao mmoja, wa jinsia ileile, wenye loxP mbili bila Cre. Hao huonyesha athari ya loxP yenyewe. Lakini hawatoshi, kwa sababu tofauti kati yao na panya wa jaribio ni mbili: jeni imefutwa, na Cre ipo. Kwa hiyo unahitaji pia panya wenye Cre na jeni isiyo na loxP. Wengi huliruka kundi hili ili kuokoa nafasi ya vizimba. Swali la 17 linaeleza kwa nini kulikwepa ni hatari. Ukitumia tamoksifeni (swali la 10), makundi yote yapewe tamoksifeni.

## Kuchagua Cre

9. Nasaba ipi ya Cre inafaa kwa seli zangu?

Majina ya nasaba hudanganya. Jina linakuambia promota iliyotumika, halikuambii seli zote zilizowahi kuisoma promota hiyo. Cre haina kumbukumbu ya muda: seli ikiitengeneza kwa siku moja tu wakati wa kiinitete, jeni inafutwa milele katika seli hiyo na katika kizazi chake chote.

GFAP-Cre ni funzo zuri. GFAP ni alama ya astrosaiti katika ubongo wa mtu mzima, lakini seli mama za ubongo unaojengwa pia huisoma promota hiyo, na seli mama hizo huzaa niuroni. Matokeo yake, jeni hufutwa katika niuroni nyingi huku ripoti ikisema «astrosaiti». Kwa astrosaiti za panya mtu mzima, Aldh1l1-CreERT2, ambayo hungoja dawa (swali la 10), ni salama zaidi. Emx1-Cre huanza mapema katika seli mama za gamba la ubongo na hipokampasi, hivyo hugusa niuroni za kusisimua pamoja na glia (seli za ubongo zisizo niuroni) za maeneo hayo, ila huziacha niuroni za kuzuia, ambazo asili yao ni kwingine. CaMKIIα-Cre iliyotumika katika kazi ya Grin1 huanza takribani wiki ya tatu baada ya kuzaliwa, lakini zipo nasaba kadhaa zenye jina karibu hilohilo na ramani tofauti. Andika namba ya nasaba, usiishie kwenye jina.

Kwa niuroni za dopamini watu hugombania TH-Cre na DAT-Cre: TH ni kimeng'enya cha kutengenezea dopamini, na DAT ni protini inayoirudisha ndani ya niuroni. Katika VTA, eneo la ubongo wa kati lenye niuroni za dopamini, TH-Cre huonekana pia katika seli zisizo na alama nyingine za dopamini. DAT-Cre ina nidhamu zaidi, ila katika nasaba inayotumika sana Cre imeingizwa kwenye jeni ya DAT yenyewe na kupunguza protini yake. Ukipima mwendo wa panya au mwitikio wake kwa dawa za kusisimua, hilo ni tatizo lako moja kwa moja. Cx3cr1-CreERT2 ya mikroglia nayo imekalia nakala moja ya Cx3cr1.

Kuhusu niuroni za kuzuia, Pvalb-Cre, Sst-Cre na Vip-Cre ni nasaba zilizojaribiwa sana, na Gad2-Cre huzishika karibu zote kwa pamoja. Kumbuka tu kwamba parvalbumini huchelewa kuanza baada ya kuzaliwa, na kwamba somatostatini na parvalbumini hutengenezwa pia nje ya gamba la ubongo, hata nje ya ubongo. Somatostatini, kwa mfano, ipo kwenye kongosho.

10. Tamoksifeni inafanya nini, na nitoe kiasi gani?

Katika CreERT2, Cre imeunganishwa na kipande cha kipokezi cha estrojeni kilichobadilishwa ili kisiitikie estrojeni ya mwili. Bila dawa, Cre hubaki nje ya kiini. Tamoksifeni ikifika, Cre huingia kwenye kiini na kukata. Hivyo wewe ndiye unayechagua siku ya kufuta jeni.

Dozi inayotumika sana kwa panya watu wazima ni miligramu 75 hadi 100 kwa kilo ya uzito, mara moja kwa siku kwa siku tano, ikiwa imeyeyushwa kwenye mafuta ya mahindi na kudungwa tumboni. Panya hupungua uzito kwa muda. Dawa hii inagusa mfumo wa homoni, kwa hiyo usipime tabia siku chache baada yake. Acha wiki kadhaa zipite. Na wewe unayeiandaa, vaa glavu. Mwenye ujauzito asiishike kabisa.

Usiamini kwamba bila tamoksifeni hakuna kinachotokea. Nasaba nyingine huvuja, hasa loxP zikiwa karibukaribu. Weka panya wachache wasiopewa dawa uone.

11. Kwa nini wanaofanya kazi na mikroglia hungoja mwezi mzima baada ya tamoksifeni?

Kwa sababu Cx3cr1 husomwa pia na monosaiti za damu, aina ya seli nyeupe. Monosaiti huishi muda mfupi na nafasi yake huchukuliwa na mpya kutoka kwenye uboho, ambazo hazijafutwa jeni. Mikroglia huishi muda mrefu na kujizalisha palepale ubongoni. Ukingoja wiki nne au zaidi, damu imejisafisha na mikroglia zimebaki zimefutwa. Makrofaji (seli nyingine za kinga) za kwenye tando za ubongo na kandokando ya mishipa ya damu hazijisafishi hivyo, kwa hiyo kuandika «mikroglia peke yake» si sahihi.

12. Naweza kudunga kirusi chenye Cre badala ya kuzalisha nasaba mbili?

Ndiyo, na mara nyingi ni busara. AAV, kirusi kinachotumika kubebea DNA, kikiwa na Cre hudungwa kwenye eneo moja la ubongo wa panya mwenye loxP mbili, kichwa kikiwa kimeshikwa kwenye fremu na vipimo vikihesabiwa kuanzia bregma, alama ya maungio ya mifupa ya fuvu. Unapata mahali na muda kwa pamoja, na unaokoa kizazi kizima. Usomaji wa Cre huchukua wiki mbili hadi nne kukomaa.

Gharama yake ni ukungu wa mipaka. Kirusi husambaa, hupanda kupitia njia ya sindano, na aina nyingine husafiri ndani ya mikia ya niuroni hadi maeneo ya mbali. Kila panya anahitaji kukatwa ubongo na kuangaliwa kwa hadubini, na aliyedungwa vibaya aondolewe kwa kigezo kilichoandikwa kabla ya matokeo kujulikana. Panya wa kulinganishia adungwe kirusi kilekile chenye Cre iliyoharibiwa au kiashiria (protini inayong'aa) pekee, kwa dozi ileile. AAV hubeba takribani herufi 4,700 tu, lakini Cre ni fupi na inaingia bila shida.

Vipo pia virusi vinavyodungwa kwenye damu vikavuka kizuizi cha damu na ubongo, kama PHP.eB, aina ya AAV. Hicho hutegemea protini Ly6a iliyoko kwenye mishipa ya panya wa nasaba ya C57BL/6J. Kwa nasaba ya BALB/c karibu hakifanyi kitu.

13. CRISPR haijaifanya Cre ipitwe na wakati?

Bado. Mwaka 2014 walipatikana panya wanaotengeneza Cas9, kimeng'enya cha CRISPR kinachokata DNA, pale tu Cre inapokuwepo, hivyo unaweza kudunga AAV yenye RNA elekezi, inayoionyesha Cas9 pa kukata, na kuharibu jeni yoyote bila kutengeneza loxP. Kwa kupima jeni kumi kwa haraka, sijui njia bora kuliko hiyo. Lakini kila seli hukarabati mkato kivyake. Takribani theluthi ya makosa yanayotokea huongeza au kupunguza herufi kwa mafungu ya tatu na huweza kuacha protini hai, na kila nakala ina bahati yake. Unaishia na mchanganyiko wa seli zilizozimwa kabisa, zilizozimwa nusu na zisizoguswa. Cre hufuta kipande kilekile kila mara.

## Kuthibitisha

14. PCR ya mkia inaonyesha loxP mbili na Cre. Si inatosha?

Haitoshi. PCR ni kipimo cha DNA, na DNA ya mkia inakuambia alichorithi panya, haikuambii kilichotokea ubongoni. Uthibitisho una ngazi zake: DNA ya eneo husika ionyeshe aleli iliyofutwa, mRNA ipungue katika seli zinazohusika, protini itoweke katika seli hizohizo, na seli zisizohusika ziwe bado nayo. Ngazi ya mwisho ndiyo inayosahaulika, na bila hiyo neno «mahususi» kwenye kichwa cha makala halina msingi.

15. Kiashiria chekundu kinawaka katika seli zangu. Je, jeni imefutwa?

Umejua kwamba Cre ilikuwepo. Kiashiria kama Ai14 kina kizuizi kilichozungushiwa loxP kwenye eneo la Rosa26, ambalo liko wazi na hukatwa kwa urahisi. Jeni yako inaweza kuwa na loxP zilizoachana mbali zaidi, au kufungwa ndani ya kromatini (DNA pamoja na protini zinazoifunga) iliyobana, na ikahitaji Cre nyingi zaidi. Seli inaweza kuwaka ikiwa na jeni nzima, na hutokea pia jeni ikafutwa bila seli kuwaka. Kiashiria ni ramani ya kuanzia. Kwa jibu lenyewe, pima jeni yenyewe: kingamwili nzuri, au uchunguzi wa mRNA kwenye vipande vya ubongo ukiambatana na alama ya aina ya seli.

16. Nimepima protini kwenye gamba zima la ubongo na imepungua kidogo tu. Jaribio limefeli?

Huenda limefaulu kabisa. Niuroni za kuzuia ni kati ya asilimia 10 na 20 ya niuroni za gamba la ubongo, na zile za parvalbumini ni takribani asilimia 40 ya hizo. Kwa hiyo unazungumzia asilimia 4 hadi 8 ya niuroni, na bado hujahesabu glia. Jeni inayosomwa kila mahali ikifutwa katika seli hizo zote bila kubakiza hata moja, kipimo cha tishu iliyosagwa kitaona tofauti ndogo kuliko makosa yake ya kawaida. Pima seli mojamoja kwenye vipande, au zichambue seli zinazowaka uzipime peke yake.

Pia angalia muda. Kufuta DNA hakufuti mRNA na protini zilizokwisha kutengenezwa. Niuroni haigawanyiki, haina namna ya kuzipunguza kwa kugawana, inasubiri zichakae. Kwa protini nyingi wiki mbili hadi nne zinatosha, lakini zile za muundo huweza kudumu zaidi. Fanya vipimo katika siku tofauti baada ya kufuta, ndipo upange siku ya majaribio ya tabia.

## Mambo yanapokwenda kombo

17. Panya wenye Cre bila loxP nao wana tofauti. Inawezekanaje?

Jenomu ya panya ina vipande vinavyofanana na loxP, na Cre nyingi inaweza kuvikata. Seli huona DNA iliyokatika na nyingine hufa. AAV-Cre ya dozi kubwa imewahi kuua niuroni za dopamini katika panya wasio na loxP yoyote. Mtu anayechunguza ugonjwa wa Parkinson akiruka kundi hili la kulinganishia, anaweza kuipa jeni yake lawama ya kifo kilichosababishwa na Cre.

Sababu nyingine ni nasaba yenyewe. Nestin-Cre inayotumika zaidi hutoa panya wenye uzito mdogo na homoni pungufu ya ukuaji hata bila loxP. Tazama pia DAT-Cre katika swali la 9.

18. PCR ya mkia inaonyesha aleli iliyofutwa, na Cre yangu ni ya niuroni. Kuna nini?

Cre ilifanya kazi kwenye korodani au ovari za mzazi, hivyo mtoto amerithi jeni iliyofutwa tayari, mwili mzima. Utafiti wa mwaka 2020 uliopima nasaba 64 za Cre za mfumo wa neva ulikuta hali hii katika zaidi ya nusu yake. Mara nyingi hutegemea mzazi yupi amebeba Cre. Kwa Synapsin-Cre tatizo ni la baba, kwa hiyo Cre ipitie kwa mama.

Tumia vianzishi vya PCR (vipande vifupi vya DNA vinavyochagua kinachopimwa) vinavyotofautisha aleli tatu: ya kawaida, yenye loxP, na iliyofutwa. Anayepima mbili za kwanza tu hawezi kuigundua ya tatu. Na mtoto wa namna hii asiingizwe kwenye kundi la jaribio hata kama umebaki na panya wachache.

19. Jeni imefutwa kweli, lakini tabia haijabadilika. Niandike kwamba jeni haina kazi?

Usiandike hivyo. Jeni ndugu inaweza kuongezwa nguvu ikaziba pengo, hasa jeni ilipofutwa mapema. Huenda pia seli zilizobaki bila kufutwa zinatosha, au jaribio lako halina jicho la kuona tofauti hiyo. Linganisha kufuta mapema na kufuta ukubwani kwa tamoksifeni. Tofauti kati ya matokeo hayo mawili mara nyingi ina habari zaidi kuliko matokeo yenyewe.

Asili ya panya nayo ina mkono. Seli shina za nasaba za panya za 129 huleta DNA yao kandokando ya jeni iliyolengwa hata baada ya vizazi vingi vya kurudisha kwenye C57BL/6, na nasaba za 129 zina kasoro ya Disc1. C57BL/6N wana mabadiliko ya rd8 yanayoathiri retina, ambayo C57BL/6J hawana. Kabla ya kuzungumzia kumbukumbu ya panya kwenye maji, hakikisha anaona.

20. Jeni ikishafutwa, inaweza kurudishwa?

Ile iliyofutwa na Cre hairudi. Kwa swali la kurudisha, mpango hugeuzwa: jeni huzimwa tangu mwanzo kwa kizuizi kilichozungushiwa loxP, na Cre hukiondoa. Maabara ya Adrian Bird ilifanya hivyo mwaka 2007 kwa Mecp2, jeni ya ugonjwa wa Rett, ugonjwa wa neva unaowapata hasa wasichana. Panya waliokwisha kuonyesha dalili wakiwa wakubwa walipata nafuu baada ya jeni kuwashwa. Ukiunganisha na matokeo ya 2001, yaliyoonyesha kwamba kuifuta Mecp2 kwa Nestin-Cre kunaleta dalili kama za kuifuta mwili mzima, na ya 2010, kwamba kuifuta katika niuroni za GABA (yaani za kuzuia) pekee kunaleta nyingi ya dalili hizo, unaona jeni moja ikiulizwa wapi na lini. Sijui mfano bora wa kazi ambayo njia hii inaweza kufanya.

Mecp2 ipo kwenye kromosomu X, na hilo hubadilisha hesabu ya swali la 7: dume ana nakala moja tu, kwa hiyo loxP kwenye nakala hiyo moja inatosha. Jike mwenye loxP kwenye nakala moja atakuwa na mchanganyiko wa seli, kwa kuwa kila seli huzima X yake moja bila kuchagua.

21. Jeni na Cre ziko kwenye kromosomu moja. Nifanyeje?

Kromosomu huja kwa jozi, na loxP ikitoka kwa mzazi mmoja na Cre kwa mwingine, kila moja hukaa kwenye nakala yake ya kromosomu hiyo. Zinahitaji kuunganishwa kwenye nakala moja kwa bahati ya kubadilishana vipande wakati mbegu za uzazi zinatengenezwa. Zikiwa umbali wa sentimogani 5 (kipimo cha umbali kwenye kromosomu), mbegu 5 katika 100 hubadilishana, na nusu tu ya hizo hubeba loxP na Cre pamoja. Utapima watoto wengi. Ukishampata mmoja, mambo hugeuka kuwa mepesi: loxP na Cre husafiri pamoja, na ukimwoanisha na panya mwenye loxP mbili, karibu nusu ya watoto ni wa jaribio na nusu ni wa kulinganishia. Hadi hapo, fikiria swali la 12.

22. Seli ninazozitaka hazitambuliwi na jeni moja. Kuna njia?

Tumia vimeng'enya viwili. Flp, kilichotoka kwa hamira, hukata kwenye alama zake za FRT na hakigusi loxP. Panya anabeba Flp chini ya promota ya aina ya seli, na unadunga AAV yenye Cre inayowashwa na Flp tu. Eneo la sindano na aina ya seli vinakuwa vichujio viwili. Flp ya asili ilikuwa goigoi kwenye joto la mwili wa mamalia, kwa hiyo chagua toleo lililoboreshwa la FLPo. Kila kichujio unachoongeza hupunguza pia idadi ya seli zinazofutwa, na uthibitisho wa maswali ya 14 hadi 16 unakuwa mgumu zaidi.

23. Nitahitaji panya wangapi, na hao wanaobaki?

Idadi ihesabiwe kabla, kwa ukubwa wa tofauti unayoitafuta, na kibali cha kamati ya maadili kitaidai. Kwa robo ya swali la 7, ukitaka panya 12 wa jaribio utazalisha karibu 50. Kanuni ya kubadilisha, kupunguza na kuboresha iliyotolewa na Russell na Burch mwaka 1959 ina uzito wa pekee hapa, kwa kuwa sehemu kubwa ya wanaozaliwa hawaingii kwenye jaribio. Tumia ndugu wenye Cre na loxP kwenye nakala moja kujua kama nusu ya jeni inatosha, tumia tishu za wasiohitajika kupima kingamwili na vianzishi, na usianze kuzalisha kabla hujajua kama Cre unayoitegemea inavuja.